Ngazi ya Babu na Ngazi Yetu

Marehemu babu yangu alipigana Burma katika jeshi la King's African Rifles. Aliporejea Uganda alipanda kahawa, akaezeka nyumba yake kwa mabati, akawasomesha wanawe. Kijijini hayo yalitosha kumfanya aitwe mtu mwenye uwezo.

Baba yangu aliingia polisi. Ndugu yake alikwenda Makerere, na wakati huo Serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, chakula na malazi, ikampa na fedha za matumizi. Baba aliweka akiba ili anunue kiwanja. Bei zikawa zikipanda mbio kuliko mshahara. Mwaka 1987 fedha zilipobadilishwa, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na asilimia 30 ikakatwa. Akiba iliyosalia ilimnunulia mifuko ya saruji tu.

Nami ni askari. Tangu mwaka 1997 karo ya shule za msingi za Serikali imeondolewa, na neema hiyo siikanushi. Lakini kazi aliyoipata baba kwa cheti cha sekondari, leo wanaigombea wenye shahada. Na tangu mwaka 1992 Makerere hupokea pia wanafunzi wanaojilipia. Binti yangu alikubaliwa chuoni katika kundi hilo.

Mali yangu ilikuwa kiwanja kimoja, nilichokilipia kwa makato ya mshahara ya miaka 12. Usiku mmoja tuliketi chumbani mwetu kambini. Binti akasema, "Baba, kiwanja kisiuzwe. Nitatafuta kazi ya dukani." Mama yake akanitazama, asiseme neno.

Nilijua kwamba siku ya kustaafu chumba kile tutakirudisha. Nilijua pia kwamba ujana wa mtoto haungoji. Basi tuliuza nusu ya kiwanja. Nyumba tuliyokusudia kuwa ya vyumba vinne itakuwa ya viwili.

Ndugu askari wenzangu, msiwacheke vijana wenu kwa kuwa bado hawajajenga. Ngazi ni ile ile aliyoipanda babu, bali vidato vyake vimeachana mno. Mtu hujikuna ajipatapo. Ketini na wake zenu na watoto wenu mhesabu pamoja, mapema, kabla barua ya kustaafu haijafika. Mimi nilichelewa, na nusu ya kiwanja ndiyo gharama niliyolipa.