Gikondi, Kwenye Njia za Nyaatha

Mgeni wa Gikondi huanza kwa kuonana na vilima. Kijiji hiki kiko Mukurwe-ini, katika eneo la Nyeri nchini Kenya. Udongo ni mwekundu, umepandwa kahawa, migomba na majani ya ng'ombe. Mtu aliye kilima cha pili mnaweza kuitana mkasikilizana, lakini kumfikia ni kushuka hadi bondeni na kupanda tena, na magoti yatakukumbusha umri wako.

Tulikwenda huko akina mama wa parokia moja ya Moshi, tukapitia Namanga na Nairobi, kwa ajili ya mwalimu mmoja. Huyo ni Sista Irene Stefani wa Shirika la Wamisionari wa Konsolata, aliyefundisha Gikondi tangu mwaka 1920 hadi 1930.

Alizaliwa Anfo, kaskazini mwa Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwanzoni mwa 1915. Hakuanza na ubao na chaki. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na Waingereza walikuwa wamekusanya Waafrika wengi mno kuwabebea mizigo ya jeshi. Wapagazi hao walikufa kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Kumbe sisi Watanzania tunawataja wapagazi hao kila siku bila kujua: jina la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, jina la kikosi chao.

Baada ya vita akapelekwa Gikondi. Fikiri hali ya mzazi wa siku zile. Msichana ndiye aliyechota maji, akaleta kuni na kumbeba mdogo wake, na akiolewa, mbuzi na ng'ombe waliingia nyumbani kwao. Kumpeleka shule ilikuwa kupunguza mikono shambani. Mama aliyekataa hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake. Sista Irene hakukaa darasani kuwangojea watoto. Alivaa viatu vizito, akapanda na kushuka, akawafuata mama zao majumbani. Viatu hivyo vilisifika hata kitabu kimoja cha Kiitaliano cha maisha yake kikapewa jina lake kutokana navyo.

Kati yetu alikuwapo bibi mmoja ambaye hakusoma. Babake alikataa, naye akaja kuwasomesha binti zake wote kwa kuuza ndizi. Tulipokuwa tumesimama tukihema kwenye mteremko, tukiongea habari za viatu, alitazama ng'ambo kwa muda. Akasema, "Kwetu hakupita mtu." Hatukuwa na la kumjibu. Mmoja wetu alimshika mkono, tukaendelea kupanda.

Vijana waliotoka shuleni wakaenda mbali kutafuta kazi, sista aliendelea kuwaandikia. Na mama asiyejua kusoma, aliyetaka kumsalimu mwanawe, alikuja kwake akasema maneno yake, sista akayaandika. Watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, kwa sababu "tha" kwa Kikikuyu ni huruma.

Mwaka 1930 tauni iliingia Gikondi. Mwalimu mmoja wa shule aliugua, na Sista Irene akamuuguza. Sisi wauguzi wa kundi hili tuliwaeleza wenzetu maana yake. Tauni huletwa na viroboto wa panya, lakini ikishaingia mapafuni humpata yeyote anayevuta pumzi karibu na mgonjwa. Ilipozuka Lushoto mwaka 1980 dawa zilikuwapo. Mgonjwa akiwahi hupona. Mwaka 1930 hazikuwapo. Streptomisini yenyewe iligunduliwa mwaka 1943. Aliyekaa kando ya kitanda kile hakuwa na kinga yoyote. Mwalimu alikufa, na sista akaugua. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na miaka 39. Wengi wetu tulikuwa tumeshaupita umri huo.

Alitangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam. Muujiza uliokubaliwa ulitoka Nipepe, Msumbiji, mwaka 1989. Watu waliojificha kanisani wakati wa vita walimwomba, na maji kidogo ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa.

Masalia yake yako katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Konsolata, Nyeri mjini, na sikukuu yake ni 31 Oktoba. Anayekusudia kwenda wakati huo achukue sweta nzito, maana Nyeri ina baridi, na mvua za vuli zinakuwa zimekaribia au zimeanza. Viatu vya kisigino aviache nyumbani. Njia ya Gikondi ikilowa huteleza kama sabuni, na bibi yetu ndiye peke yake ambaye hakuanguka.