Mnunuzi Aliyezijua Shanga

Katikati ya karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulibeba fedha zake mabegani mwa wapagazi: majora ya amerikani na kaniki, waya za shaba, na mizigo ya shanga. Nyingi za shanga hizo zilitoka Venice, zikashushwa Unguja, kisha zikavushwa hadi pwani ya Mrima. Richard Burton, aliyesafiri bara pamoja na mwenzake Speke kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba aina zake zilifika kama 400, kila moja na jina lake, thamani yake na mahali inapotakiwa. Msafiri Stanley, alipokuwa Unguja mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta mwenzake Livingstone, alilazimika kujifunza upya hesabu hiyo: shanga nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na hazikuwa kitu kwingine, shanga za sungomaji zilipendwa Ujiji na kukataliwa njiani, nyeupe zilipita nchi hii, na nchi ya pili watu wakataka nyekundu, zile samisami. Zilipimwa kwa tungo zilizoitwa kete, na kete kumi zikawa fundo moja. Msafara uliochagua vibaya ungeweza kulala njaa katika nchi yenye chakula tele, kwa kuwa mama aliyekuja sokoni na mtama wake alizitazama shanga, akazigeuza kiganjani, akaubeba mtama wake akarudi nyumbani.

Mama huyo hakuwahi kuiona Venice wala kusikia jina lake. Alichokijua ni kitu chenyewe: rangi yake, ukubwa wake, kama kinavaliwa mwaka huu au kimeshapitwa. Na kwa sababu alijua, wafanyabiashara wa Unguja waliagiza alichokitaka, na mafundi wa mbali wakatengeneza kilichoagizwa. Sisemi haya kuisifia biashara ile. Shanga hizohizo zililipia pembe za ndovu na zililipia watu, na doa hilo halifutiki. Nasema kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo leo limegeuka juu chini. Zamani mnunuzi alikuwa mbali mno na fundi, akakijua anachonunua. Siku hizi mnunuzi hushushwa kwa boti hadi mlangoni pa tanuri la kioo, akamtazama fundi kwa macho yake, kisha akaondoka na kitu asichokijua. Naamini mabadiliko hayo ndiyo yanayoviumiza zaidi visiwa vya Murano na Burano, karibu na Venice, na naamini safari ya watalii ya nusu siku, jinsi inavyopangwa sasa, ndiyo inayoyakuza.

Murano haikuwa kisiwa cha kutembelea. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri ya kioo yahamishwe kutoka mjini yapelekwe huko, kwa hofu ya moto katika mji uliojaa nyumba za mbao. Kuwakusanya mafundi mahali pamoja kulirahisisha pia kuilinda siri ya kazi, na kwa karne nyingi fundi wa kioo hakuruhusiwa kuihama Jamhuri ya Venice na ujuzi wake. Katika karne ya 15 Angelo Barovier alipata kioo angavu kisicho na rangi wala ukungu, na umaarufu wa kisiwa ukaenea Ulaya nzima. Wafalme walikitaka kioo hicho kiasi kwamba katika miaka ya 1660 Colbert, waziri wa Louis XIV, aliwarubuni mafundi wa Murano wakahamia Ufaransa kutengeneza vioo vya kujitazamia. Shanga zilikuwa kazi ya chini katika ngazi ya ufundi huo, lakini ziliwalisha wengi. Vijiti vya kioo vyenye tundu vilivutwa virefu, vikakatwa vipande vidogo, vikalainishwa kwa moto, kisha wanawake wa mitaa ya Venice, hasa Castello, wakakaa vizingitini na kuzitunga: mkononi sindano nyingi ndefu zilizotandazwa kama upepeo, magotini chano cha mbao kilichojaa shanga. Kazi hiyo nayo ilikwisha. Ushindani kutoka Bohemia uliibana mwaka hadi mwaka, na kampuni kubwa ya shanga ndogo ya Murano, iliyoundwa mwaka 1898 kwa kuunganisha viwanda kadhaa, ilifunga mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shanga nyingi wanazovaa Wamaasai leo hutoka Jamhuri ya Cheki.

Burano ni habari ya sindano. Wanawake wa kisiwa hicho cha wavuvi walishona lesi ya aina inayojengwa hewani: hakuna kitambaa chini yake, ni uzi juu ya uzi, na kinachoishikilia kazi wakati wa kushona hukatwa mwishoni. Colbert aliwachukua baadhi yao pia, ili lesi ya Ufaransa isimame. Ufundi ukafifia, na katika karne ya 19 ulikaribia kwisha kabisa. Baridi kali ya mwaka 1872 iligandisha maji, wavuvi wakakosa riziki, na katika njaa hiyo likaja wazo la kuanzisha shule ya lesi. Waliotafuta fedha na walinzi wa kazi hiyo walikuwa Paulo Fambri na Bibi Andriana Marcello, wa ukoo wa kikabaila. Lakini ujuzi wenyewe ulitoka kwa bibi kizee mmoja, Cencia Scarpariola, aliyekuwa bado anaikumbuka mishono ya zamani. Alimfundisha mwalimu, mwalimu akawafundisha mabinti. Ufundi mzima wa kisiwa ulipita katika kichwa cha mtu mmoja. Shule ilidumu karibu miaka mia moja, na jengo lake lililo katika uwanja wa Galuppi limekuwa makumbusho ya lesi tangu 1981. Ndani yake mtu huelewa kwamba kipande kimoja hupita mikono ya wanawake saba kwa kawaida, kila mmoja na mshono wake, na kwamba kitambaa cha meza huhesabiwa kwa miezi.

Sasa tuitazame safari yenyewe. Boti huondoka karibu na uwanja wa San Marco, Venice, huzunguka muda wa saa nne hadi tano, hutia nanga Murano na Burano, na mara nyingi kisiwa cha Torcello, kwenye kanisa kuu lililoanzishwa mwaka 639. Bei yake haiumizi, na kwa mtu aliyehesabu senti zake kufika Italia hilo si jambo dogo. Lakini toa muda wa kuwa majini. Burano peke yake iko takriban dakika 40 kutoka mjini kwa boti ya umma. Kinachobaki kwa kila kisiwa mara nyingi hakifiki saa moja, na Murano sehemu yake nzuri huliwa na onyesho na duka. Katika onyesho, fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka kwenye ncha ya fimbo ya chuma, hulivuta kwa koleo hapa na pale, na kabla watu hawajamaliza kupiga picha, farasi mdogo amesimama kwa miguu ya nyuma. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na kila nimfikiriapo fundi anayeirudia mara nyingi kwa siku moja, heshima yangu kwake huongezeka. Hata hivyo onyesho hilo hufundisha kosa. Hufundisha kwamba kioo ni jambo la dakika mbili. Halionyeshi tanuri la kupozea, ambamo chombo hukaa saa nyingi kikishuka joto polepole, la sivyo hupasuka. Halionyeshi miaka ya kijana kubeba fimbo na kufungua mlango wa tanuri kabla hajaruhusiwa kupuliza. Halionyeshi kwamba moto hauzimwi usiku wala mchana, ukiwa juu ya nyuzi 1,000, na ndiyo maana bei ya gesi ilipopaa mwaka 2021 na 2022 matanuri kadhaa yalisimama.

Mtu aliyefunzwa hivyo huingia dukani, huona chombo cha euro mia kadhaa, na hufikiri anaibiwa. Hatua chache mbele anaona farasi wa euro kumi anayefanana na yule wa onyesho, naye huenda ametoka kiwandani mbali kabisa na Italia. Burano ni vivyo hivyo: kitambaa cha mashine kutoka Asia kimetundikwa katika mtaa uleule wa lesi ya sindano. Aliye na dakika 45 katika kisiwa chenye nyumba za rangi zote, na bado hajala, atanunua cha mashine. Hana ubaya wowote. Amenyimwa muda ambao ungemfundisha kutofautisha.

Wapo watakaosema kwamba bila boti hizo visiwa vingekufa, na hoja hiyo nzito nisingependa kuikwepa. Ni kweli kwamba ufundi ulianza kuporomoka kabla ya utalii wa leo. Napoleon aliiangusha Jamhuri mwaka 1797, vyama vya mafundi vikafutwa muda mfupi baadaye. Shule ya Burano ilifungwa katika miaka ya 1970, kabla ya ndege za bei rahisi, kwa kuwa mabinti walipata kazi nyingine zisizochosha macho kwa malipo duni; hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Ni kweli pia kwamba yapo matanuri yanayoendelea kuwaka kwa sababu ya wageni wa siku. Ninachobisha ni kwamba wingi wa wageni unatosha. Mgeni akinunua farasi wa kiwandani, fedha yake humfikia mwenye duka na mwagizaji, humpita fundi. Yapo hata mabaraza ya hoteli ambako mgeni huahidiwa boti ya bure hadi Murano. Boti hiyo hulipwa na mtu, na anayeilipa huirudisha fedha yake katika bei ya atakachouziwa mgeni huyo.

Wengine watasema hiyo ni kazi ya sheria, na sheria hazijalala. Mwaka 1994 Mkoa wa Veneto uliweka alama rasmi ya kioo cha Murano. Mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa shanga za kioo, kwa ombi la Italia na Ufaransa, katika orodha ya urithi usioshikika. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kulinda majina ya kazi za mikono kwa mahali zinapotoka, kama inavyolindwa jibini na mvinyo. Mwaka 2024 Venice iliweka kikomo cha watu 25 kwa kundi moja na kupiga marufuku vipaza sauti, Murano, Burano na Torcello zikiwemo. Nazifurahia zote. Lakini alama humsaidia anayeitafuta, na hakuna sheria iliyomlazimisha yule mama wa mtama kuzikataa shanga asizozitaka. Jicho lake ndilo lililotoza ushuru. Kundi la watu 25 wenye dakika 45 halina jicho hilo, hata vipaza sauti vikinyamazishwa.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ni la haki kuliko yote: ujuzi wa kununua ni anasa ya wenye nafasi, na mwenye nusu siku asihukumiwe. Hapa ndipo ninaposhikilia kwamba tatizo si fedha. Boti za umma za Venice huuza tiketi ya saa 24 kwa euro 25, kwa bei za mwaka 2025, kiasi kisichopishana sana na safari ya kuongozwa. Tena ada ya kuingia mjini kwa wageni wa siku haitozwi visiwani. Gharama ni ileile, saa ni zilezile. Kinachobadilika ni idadi ya visiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukijaliwa kufika huko na una nusu siku tu, chagua kisiwa kimoja. Nenda kituo cha boti cha Fondamente Nove. Ukipenda kioo, Murano ni dakika kumi hivi; anzia makumbusho ya kioo, yaliyoanzishwa mwaka 1861, zitazame shanga za aina zilizowahi kuvuka bahari kuja kwetu, kisha ndipo uende kwenye tanuri, na dukani uulize nani alikitengeneza chombo na alama yake iko wapi. Ukipenda lesi, panda boti namba 12 hadi Burano, ingia jengo la shule ya zamani kabla ya duka lolote, na ukae humo hadi uweze kuitambua mishono. Usiponunua kitu, hujamkosea mtu. Ukinunua ushanga mmoja uliotengenezwa kwa mkono, mlipe fundi bei yake bila kumshusha.