Visanduku Vilivyojazwa: Karani wa Takwimu za Samaki Kisumu

Kuhesabu sehemu zilizojazwa katika rekodi ni kupima ukamilifu wa rekodi kabla ya kuitumia. Kwa karani mmoja wa takwimu za uvuvi mjini Kisumu, hiyo ilikuwa kazi ya kwanza kila fomu zilipowasili kutoka Dunga, Usenge, Mbita na Sori. Fomu zilijazwa ufuoni na makarani wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007. Kila fomu ilikuwa na sehemu 12: tarehe, ufuo, aina ya chombo, namna ya kukiendesha, nguvu ya injini, lita za mafuta, zana, idadi ya wavuvi, saa za kuvua, na kilo za mbuta, za omena na za ngege.

Enzi ya karatasi, karani alihesabu kwa kidole na penseli. Katika lahajedwali alitumia COUNTA, inayohesabu visanduku visivyo vitupu. Fomu zilipohamia hifadhidata ya MySQL, jambo la kwanza kujifunza lilikuwa kwamba COUNT huhesabu kwenda chini, si kwa upana wa rekodi. COUNT(*) hutoa idadi ya rekodi zote. COUNT(mbuta) hutoa idadi ya rekodi ambazo safu ya mbuta ina thamani, na huruka NULL, yaani pasipo na thamani yoyote. Ili kuhesabu ndani ya rekodi moja, kila sehemu huulizwa peke yake, kisha majibu hujumlishwa: (zana IS NOT NULL) + (mbuta IS NOT NULL), hadi sehemu ya mwisho. MySQL huhesabu ndiyo kuwa 1 na hapana kuwa 0. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, haijumlishi ndiyo na hapana moja kwa moja. Huko hutumika CASE, inayotoa jibu kulingana na sharti, au num_nonnulls, iliyoingia katika toleo la 9.6 mwaka 2016. Kuandika zana = NULL hakusaidii kitu, kwa kuwa NULL hailingani na chochote, hata na NULL nyingine.

Sehemu yenye nafasi tupu au kistari huonekana mbele ya kueri, yaani swali linaloulizwa hifadhidata, kama imejazwa. Kwa hiyo karani alitanguliza usafi: TRIM kuondoa nafasi za pembeni, kisha NULLIF kugeuza maandishi matupu kuwa NULL, na vivyo hivyo kwa vistari.

Sifuri ilidai uangalifu zaidi. Mvuvi aliyerudi mikono mitupu ametoa jibu kamili: kilo 0. Tuseme vyombo vinne vimeandikiwa kilo 10, 0, 14 na pengo. AVG, yaani hesabu ya wastani, huacha pengo na kutoa 8. Pengo likigeuzwa sifuri, wastani hushuka hadi 6. Sifuri ikifutwa kama pengo, hupanda hadi 12. Ziwa ni lile lile, wavuvi ni wale wale, lakini ripoti ni tatu.

Idadi ya zilizojazwa haitoshi bila idadi ya zilizotarajiwa. Mtumbwi wa kafi hauna injini wala mafuta, hivyo rekodi yake yenye sehemu 10 imekamilika. Rekodi ya boti ya injini yenye sehemu 10 zilizojazwa ina mapengo mawili. Karani aliandika CASE iliyosoma kwanza namna ya kuendesha chombo, ikaweka 10 au 12 kuwa kigawanyo, ndipo ikatoa asilimia. Hapo orodha ya fomu za kurudishwa ufuoni ilipungua, maana mitumbwi haikulaumiwa tena kwa kukosa petroli.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Haitambui kama omena aliyepimwa kwa debe ameandikwa kana kwamba ni kilo, wala kama saa za kuvua zimekisiwa jioni. Kwa maswali hayo, karani aliweka kueri nyingine za kukagua viwango, na pale zilipotia shaka, alimpigia simu karani wa ufuo.