Oili Kwanza, Kalamu Baadaye

Huku kwetu Kagongwa tumezoea ngurumo za injini. Mashine za kukoboa mpunga hunguruma mchana kutwa. Mashine ikizimika, mwenye mpunga huketi juu ya gunia lake akamngoja fundi. Juzi ndege ndogo ilipita juu yetu, na mwanangu akaniuliza: “Baba, ile nayo ikizimika huko juu?”

Nilimjibu kwamba ndege haianguki kama jiwe. Mabawa huendelea kuibeba. Ikiwa juu kwa kilomita 1, yaweza kuteleza hewani kilomita 9 hivi, rubani akitafuta mahali pa kutua.

“Lakini kwa nini izimike?”

Hapo nilimsimulia habari niliyoisoma chuo cha ualimu. Bibi Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake toka Uingereza, Septemba 1936, kwa ndege ya injini moja. Baada ya saa 21 hivi injini ilizimika, naye akatua kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Injini yenyewe ilikuwa nzima. Barafu iliziba kitundu cha kupitishia hewa cha tangi, petroli isifike. Kwetu hatuna barafu, lakini tunao nyigu wajengao kwa udongo, nao waweza kukiziba kitundu kama hicho ndege ikilala uwanjani siku chache.

Ndiyo maana rubani mwangalifu huizunguka ndege yake kwa miguu kabla ya kuruka. Hutazama vitundu, hupima oili, na huchuruza petroli kidogo toka chini ya tangi aone kama mna maji, maana maji hukaa chini ya petroli. Fundi naye hubadilisha oili kila baada ya saa 50 hivi za kuruka, na huikagua ndege nzima walau mara moja kwa mwaka. Kisha huandika kazi yake kitabuni na kutia sahihi. Rubani hakumwona akifanya kazi. Ameiona sahihi tu, na kwa kuiamini sahihi hiyo huwapakia watoto wa watu.

Hapo nilinyamaza, maana nilikumbuka jambo.

Miaka michache iliyopita nilitunza daftari la pikipiki ya parokia. Siku moja niliandika, “Oili imebadilishwa,” nikatia sahihi, nikidhani nitaipeleka kwa fundi kesho yake. Kesho ikawa juma, juma likawa mwezi. Usiku mmoja katekista alimpakia mama mwenye mtoto wa homa kali, kwenda hospitali Kahama. Njiani injini ilikauka oili, ikashika. Wakakaa gizani mpaka lori moja likawahurumia. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe.

Asubuhi katekista alilifungua daftari, akasema, “Basi si oili, maana karani ameandika.” Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Siku ya tatu nilimweleza kweli, naye akanisamehe.

Mwanangu alikuwa bado angoja jibu. Nikamwambia: “Mara nyingi injini huanza kuzimika ikiwa ingali chini, siku ile mtu anapoandika kazi asiyoifanya.”

Siku hizi natazama oili kwanza, ndipo nashika kalamu.

Karani wa parokia, Kagongwa