Gololi Isiyodanganya

Chuoni tunaulizana kila siku: hii fizikia ya mwaka wa kwanza ina kazi gani mtaani? Mimi natengenezea gemu ya pinboli, ile ya gololi ya chuma inayoteremka kwenye meza iliyoinama, nawe unairudisha juu kwa vibao viwili.

Gololi inabingirika, haitelezi. Ndiyo maana kasi yake huongezeka kwa sehemu 5 tu kati ya 7 za kitu kinachoteleza bila msuguano. Ikienda mita 3 kwa sekunde, kompyuta ikipiga hesabu mara 60 kwa sekunde, kila hesabu inaikuta imesogea sentimita 5. Kibao chembamba inakipita kama jini! Dawa ni kupiga hesabu mara 600.

Sasa rumeti wangu akipoteza hailaumu kompyuta. Anasema, “Nimechelewa kupiga.” Hiyo ndiyo alama ninayoitaka.