Mama Niliyemtoa Bungeni

Kura yangu ya kwanza Marekani niliipiga tarehe 9 Agosti 2016, na niliipiga kwa sababu moja tu: Utange. Sera ya mtu sikuwa nimesoma. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, viatu vya kazi bado miguuni, nikaingia kituoni na kumpa mgombea Ilhan Omar kwa kuwa utotoni aliishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utange, kule Kisauni, Mombasa. Na mimi ni mzaliwa wa Kisauni, tena rika lake. Wale wakimbizi wa Kisomali tuliwaona tukiwa watoto, wakipita na madumu ya maji. Kwangu hiyo ilitosha.

Naona nianze na nilivyokuwa kabla ya hapo. Siasa nilizozijua ni za kwetu. Mheshimiwa alikuja msimu wa uchaguzi na unga na leso, mama akarudi na leso yenye sura ya mtu, tukaitundika pazia la jikoni mpaka uchaguzi mwingine ulete sura nyingine. Hakuna aliyeuliza anakwenda kufanya nini Nairobi. Ungeniuliza mbunge ni nani, ningekwambia ni mtu wa kuchangia matanga na karo.

Minneapolis nilihamia na akili ile ile. Tulikaa Cedar-Riverside, kwenye maghorofa ya Riverside Plaza yenye vibao vya rangi rangi, ambako ndani ya lifti utasikia Kisomali kabla ya Kiingereza. Vijana wa kampeni walipobisha hodi niliwatazama mikono kwanza. Karatasi tu! Nikawashukuru, nikafunga mlango.

Aliyenitoa ndani ni jirani yangu, mama wa Kisomali aliyeishi Mombasa kabla ya kuvuka, na Kiswahili chake kina harufu ya soko la Kongowea. Alinikuta kwenye mashine za kufulia. "Wewe, uraia wenyewe umeulipia," akaniambia. "Sasa wataka kuuweka kabatini pamoja na vyombo vya wageni?" Kweli nilikuwa nimelipa dola 680, na zilikuwa bado zinaniuma.

Kiti kilichogombewa kilikuwa cha eneo la 60B, kimoja kati ya viti 134 vya Baraza la Wawakilishi la Minnesota. Watu wengi nyumbani wakisikia mbunge wa Marekani wanafikiria Washington, lakini huyu ni wa bunge la jimbo, anayeketi St. Paul, ng'ambo ya mto, na kuwakilisha watu kama 40,000. Kwa ukubwa wa eneo unaweza kumlinganisha na mheshimiwa wetu wa wadi, ila kwa nguvu sivyo: shule, magereza, mishahara ya chini, hospitali, yote hayo bunge la jimbo linayatungia sheria. Mshahara wake wakati huo ulikuwa dola 31,140 kwa mwaka. Mbunge wa Nairobi hizo anazipata kwa miezi michache.

Na kiti kilikuwa na mwenyewe. Phyllis Kahn, mwanasayansi mwenye shahada ya uzamivu ya Yale, alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972, mimi sijazaliwa. Mwaka 2014 Mohamud Noor alijaribu kumng'oa akashindwa, na mkutano wa chama mtaani kwetu mwaka huo ulivunjika kwa ngumi. Mwaka 2016 wakaingia watatu: Kahn, Noor na Ilhan. Katika mchujo wa DFL, ndilo jina la Democrats wa Minnesota, Ilhan aliwashinda wote wawili, na Novemba akawa Msomali wa kwanza kuingia katika bunge la jimbo lolote la Marekani. Usiku ule vigelegele vilipanda ghorofa kwa ghorofa. Nami nilipiga. Kuhusu yule mama aliyekaa miaka 44, nilisema tu kwamba hata chakula kitamu kina shibe yake.

Mwaka uliofuata nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya wazee. Nilikuwa na mzee mmoja wa oksijeni, mirija puani mchana na usiku. Jioni moja nikimbadilishia shuka akaanza hadithi za ofisi aliyofanyia kazi ujanani: kila meza na kisahani cha majivu, moshi umetanda kama ukungu, na asiyevuta anavuta kwa niaba ya wenzake. Akasema bahati yake mbaya ni kwamba sheria ilikuja mapafu yake yakiwa yameshalipa. Sheria gani, nikamuuliza. Ya mwaka 1975, akasema, ya hewa safi ndani ya majengo. Minnesota ndiyo iliyotangulia majimbo yote kuwatenga wavutaji na wasiovuta katika sehemu za watu wengi. Aliyeusimamia mswada ule alikuwa mbunge mgeni, mwanamke, Kahn.

Mikono ilinisimama na foronya ndani yake.

Mtu ambaye hakulelewa na mhudumu wa baa huenda asielewe. Mama yangu alihudumu katika baa Mombasa tangu mimi niko darasa la pili. Alirudi usiku wa manane, na leso yake ilinuka sigara hata baada ya kufuliwa na kuanikwa siku mbili. Nilijifunika hiyo hiyo nikalala. Sheria ya kudhibiti tumbaku Kenya ilipitishwa mwaka 2007, mwaka ule ule Minnesota ilipofunga moshi katika baa na mikahawa pia. Mama alikuwa ameshaacha baa. Kikohozi hakikumwacha yeye.

Sijutii kura yangu, hilo liwe wazi. Nilichoona aibu ni kwamba nilimtoa mtu kazini bila kuuliza kazi yake ilikuwa nini. Nikaanza kumsoma. Nilikuta hata mambo ya kuchekesha, kama pendekezo lake kwamba watoto wa miaka 12 wapige kura, na bado sijaamua kama alikuwa mbele ya wakati au alichoka siku hiyo.

Siku moja ya mapumziko nikapanda treni ya Green Line kituo cha West Bank hadi bungeni. Sikuwa nimejua kwamba mtu huingia tu. Niliketi nyuma katika kikao cha kamati, wakabishana muda mrefu juu ya neno moja, kama mswada useme "lazima" au "inaweza". Mwanzoni nilisinzia. Halafu nikafikiria mzee wangu, na jinsi mwajiri wake angelipenda neno la pili, usingizi ukaniruka. Wakati huo Ilhan alikuwa upande wa wachache, na hata cheo alichopewa kilikuwa cha kusaidia kiongozi wa wachache. Nilianza kuelewa kwa nini miswada ya mtu inaweza kulala.

Februari 2018 nikaenda mkutano wa chama mtaani. Pale mwanachama yeyote anaruhusiwa kuleta pendekezo kwa maandishi. Langu lilikuwa la mistari minne, kuhusu idadi ya wazee anaokabidhiwa mhudumu mmoja usiku. Nilisoma karatasi ikitetemeka mkononi. Mikono ikapanda, likapita, likawekwa kwenye bahasha na mengine.

Mwaka huo Ilhan akachaguliwa kwenda Bunge la Washington baada ya muhula mmoja. Nilinuna kidogo, nikasema mtoto wa Utange amepita mbio kama basi la Malindi. Kiti kikachukuliwa na Noor, yule aliyeshindwa mara mbili. Safari hii vijana wake walipobisha hodi niliwaweka mlangoni nusu saa, nikiuliza miswada.

Nilimsimulia mama haya yote kwa simu. Alisikiliza, akakohoa, akaweka simu kando anywe maji, akarudi.

"Huyo mama wa moshi," akasema, "mlipomtoa mlimpa hata leso?"