Jibu Lisilofuata Vina

Katika sanaa ya kujibizana kwa mashairi, kama ilivyozoeleka katika visiwa na miji ya Waswahili tangu zama za kale, mwenye kuulizwa hana uhuru wa kujibu apendavyo. Akiulizwa kwa bahari fulani, hujibu kwa bahari hiyo hiyo; akitegewa vina, huvifuata; na akiulizwa mambo matatu, wasikilizaji hungojea majibu matatu. Jibu likiruka jambo moja, aghalabu sikio hulitambua pengo kabla ya akili. Hapahitajiki mwamuzi wa kuteuliwa. Hadhira yenyewe ndiyo hakimu, kwa kuwa kila aliyehudhuria bado analikumbuka swali.

Siasa haikuwa mgeni katika baraza hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo katika enzi za uhasama wa miji yao, uhasama uliofikia vita vya Shela katika mwongo wa pili wa karne ya 19. Karne moja na nusu baadaye, katika kinyang'anyiro cha ubunge cha 1974 na 1975 huko Lamu Mashariki, zilizuka tungo za Kimwondo, ambamo wagombea walisifiwa, wakahojiwa na kukosolewa kwa beti. Mtu wa pwani, basi, hakungoja katiba imfundishe kwamba kiongozi huulizwa hadharani.

Hata hivyo, leo swali la hadhara limepata makao mengine. Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta ugatuzi, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 zikaanza kazi serikali za kaunti 47, zikiwamo sita za pwani: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Jedwali la Nne la Katiba hiyo liliziachia kaunti mambo yaliyo karibu mno na maisha ya raia: vituo vya afya na maduka yake ya dawa, huduma za kuwasafirisha wagonjwa, vivuko na bandari, elimu ya chekechea. Katika kaunti ya Lamu, yenye wadi 10, baadhi yake visiwani, gari la wagonjwa mara nyingi ni boti. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa kusi hahitaji kuelezwa maana ya ugatuzi. Anachohitaji ni boti iliyo na mafuta, na nahodha aliye macho.

Je, boti hiyo isipokuwapo, nani wa kuulizwa, na aulizwe wapi? Hapo ndipo ulipo utaratibu ambao wapenzi wa sanaa ya kujibizana wana kila sababu ya kuujua.

Kifungu cha 185 cha Katiba kinalipa bunge la kaunti jukumu la kuisimamia kamati tendaji ya kaunti. Kifungu cha 183 kinaitaka kamati hiyo ilipelekee bunge taarifa kamili, na za mara kwa mara. Kifungu cha 195 kinaliruhusu bunge na kamati zake kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi, kwa uwezo unaofanana na wa Mahakama Kuu. Nayo Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 39, inasema kwamba kamati ya bunge inaweza kumtaka mjumbe wa kamati tendaji, yule ambaye watu humwita waziri wa kaunti, afike mbele yake na ajibu swali lolote lihusulo majukumu yake.

Msomaji makini atakuwa ameona neno "kamati". Waziri wa kaunti si mjumbe wa bunge lile. Hana kiti ukumbini na hasubiri zamu ya swali lake kila asubuhi. Ng'ambo ya pili ya bahari hii hii mambo ni tofauti. Zanzibar si kaunti, bali ina serikali yenye mamlaka yake ndani ya Muungano, na katika Baraza lake la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, mawaziri hutokana na wajumbe wenyewe. Waziri huulizwa akiwa ndani, hujibu kwa Kiswahili mbele ya wote, kisha hukaa chini akijua kwamba swali la nyongeza linakuja. Na katika swali la nyongeza ndipo ukweli unapopatikana, kwa sababu jibu la kwanza huandikwa na maofisa mezani, ilhali la pili humkuta waziri peke yake.

Kenya iliuacha mtindo huo ilipotenganisha serikali na bunge. Ubaya wa kuuacha ulionekana hata katika ngazi ya taifa, na kuanzia mwaka 2023 mawaziri walianza tena kufika katika kikao kizima kujibu maswali. Katika kaunti, uwanja mkuu wa swali umebaki kuwa chumba cha kamati, na chumba kina viti vichache kuliko ukumbi.

Hivyo uzito wote huangukia matamshi ya swali. Tuseme diwani anauliza: "Serikali ya kaunti ina mpango gani wa kuboresha huduma za afya visiwani?" Jibu lake linajulikana kabla halijaandikwa. Serikali inatambua umuhimu wa afya, imeweka mikakati, na fedha zikipatikana kazi itaendelea. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, wala hakuna jibu. Sasa tuseme mwenzake anauliza hivi: "Katika mwaka wa fedha uliopita, boti ya wagonjwa ilitengenezwa mara ngapi, kila mara kwa fedha kiasi gani, kutoka fungu lipi, na leo iko wapi?" Swali hili lina vipande vinne, na kila kipande kina kina chake. Atakayejibu vitatu amejifichua. Mshairi angelitambua umbo hili mara moja. Ni ubeti wa mishororo minne, na mshororo wa nne ndio unaouma.

Yuko pia muulizaji ambaye halipazi sauti. Kwa mujibu wa kifungu cha 229, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua hesabu za kaunti katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na bunge husika lina miezi mitatu ya kuijadili taarifa yake na kuchukua hatua. Taarifa hizo huandikwa kwa Kiingereza kigumu, na huenda hiyo ndiyo kuta iliyo ndefu kuliko zote. Wataalamu husema juu ya matumizi yasiyothibitishwa kwa nyaraka, mvuvi akiambiwa hivyo huuliza, "Yaani pesa zimetoka na risiti haipo?" Amefasiri sawasawa, na kwa kufasiri amekwisha kuuliza.

Gavana naye, ambaye si mjumbe wa bunge la kaunti, huitwa na Seneti kueleza fedha alizopewa na taifa. Magavana walipolipinga jambo hilo, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2014 kwamba Seneti ina haki ya kuwaita. Mwaka huo huo Martin Wambora wa Embu akawa gavana wa kwanza kung'olewa na Seneti, kisha mahakama ikamrudisha. Tukio lile lilionyesha tofauti baina ya swali na shoka. Kumwondoa gavana kunahitaji thuluthi mbili za madiwani wote, kisha Seneti, na mara nyingi kisha mahakama. Shoka huinuliwa kwa kishindo na laweza kuteleza. Swali ni sindano. Halimwangushi mtu, ila hupenya, na laweza kurudiwa kila juma.

Basi kwa nini sindano hii haitumiki ipasavyo kila mahali? Sababu moja haipendezi kutajwa. Diwani anayeuliza ni yule yule anayehitaji barabara ipite katika wadi yake, kisima kichimbwe, wanafunzi wake wapate basari. Na funguo za hayo yote ziko mikononi mwa anayeulizwa. Mkono mmoja unahoji, wa pili unaomba. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na diwani arudiye wadini mikono mitupu hulijua hilo kuliko wote. Si ajabu, basi, kuona swali lililoanza kwa makali likiondolewa kimya kimya, au likajibiwa kwa maneno matamu na muulizaji akashukuru.

Dawa ya udhaifu huu haimo katika sheria peke yake. Kifungu cha 196 kinaliagiza bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi na likutane hadharani. Mlango wa ukumbi na wa kamati, kwa kanuni, u wazi. Lakini mlango ulio wazi bila watu wa kuingia hauna faida. Katika kujibizana kwa wazee wetu, mtunzi hakuogopa mpinzani peke yake. Aliwaogopa waliokaa mkekani, walioshika swali vifuani mwao na ambao kesho yake wangelirudia sokoni pamoja na jibu lake, na kasoro ya jibu hilo. Muulizaji alipata ujasiri kwa kuwa hakuwa peke yake katika kukumbuka.

Diwani naye angeupata ujasiri huo iwapo watu wa wadi yake wangelijua swali lake kwa moyo: vipande vinne, kwa Kiswahili, kama wanavyojua beti za mtunzi wao. Siku ya jibu wangehesabu. Mara ngapi? Limejibiwa. Kiasi gani? Limejibiwa. Fungu lipi? Limejibiwa. Kisha waziri akifunga jalada lake na kushukuru, wangebaki wamekaa, wakingoja aseme boti iko wapi.